Kamera ya Meza ya Wazee

Wateja walimwita Mama Nega, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyefika dirishani kuchukua picha zake alikabidhiwa bahasha mbili, moja ya picha na nyingine ya nega, vile vipande vya mkanda vilivyochapiwa picha hizo, na kabla hajageuka kuondoka aliambiwa maneno yale yale: picha ukipoteza utachapa nyingine, nega ukipoteza ndiyo basi tena. Aliyasema hayo kwa miaka ishirini na moja, nyuma ya kaunta ya duka dogo la kusafisha picha lililobanana kati ya duka la viatu na ofisi ya kupiga chapa. Nyuma ya kaunta lilining'inia pazia zito, na nyuma ya pazia ndiko zilikokuwa mashine mbili, moja ya kusafisha mikanda na moja ya kuchapa picha. Chumba kilinuka dawa, uchachu fulani uliomfuata hadi nyumbani, na mumewe alipenda kutania kwamba hata akifungwa kitambaa usoni angemtambua mkewe sokoni.

Kazi aliijua barabara. Mashine ya kuchapa ilikuwa na ujinga wake: ikiona gauni jeupe ndani ya picha inadhani mwanga umezidi, inatia giza kila kitu, na sura ya bi harusi inageuka mkaa. Mama Nega hakuwa mtu wa kuiachia mashine imharibie mtu siku yake. Alizipitisha picha moja moja kwenye kioo kidogo, akabonyeza vitufe vya rangi, njano kidogo, wekundu kidogo, mwanga zaidi, mpaka uso urudi kuwa uso. Mjini kulikuwa na albamu nyingi za harusi zilizopita mikononi mwake, na wenye albamu hizo wengi hawakumjua hata kwa sura.

Nyumbani alikuwa mama wa kambo. Mumewe, fundi wa pampu katika idara ya maji, alikuwa mgane mpole wa maneno machache alipomwoa, na alikuwa na binti wa miaka sita. Mama mzazi wa mtoto alifariki miaka miwili kabla. Siku Mama Nega alipoingia nyumba ile, mtoto alimwuliza jambo moja tu, kama anajua kusuka nywele, na alipojibiwa kwamba anajua kidogo, akaenda kuleta kitana. Mambo yao wawili yalianza hapo na hayakuwahi kuwa na shida kubwa. Mtoto alimwita mama mdogo, kama shangazi yake alivyomfundisha, na jina likakaa.

Aliyekuwa mgumu ni Bibi, mama mzazi wa marehemu. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mnyoofu wa mgongo, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulivunjika siku nyingi akaufunga kwa uzi mweupe na kuuacha hivyo. Kila likizo alikuja bila taarifa. Akishapokea shikamoo yake na kukaa, humwita mjukuu, akamtazama nyuma ya masikio, akamkagua kucha, akapindua pindo la gauni aone limeshonwaje. Safari moja alilifumua pindo ambalo Mama Nega alilishona usiku kucha, akalishona upya pale pale sebuleni, kisha akanywa chai yake na kuaga. Hakutoa neno baya hata siku moja. Neno zuri nalo hakutoa. Mama Nega alimwandalia kiti, alimwandalia chai, alimsindikiza hadi kituoni, na kila alipogeuka kurudi nyumbani alijihisi kama mwanafunzi ambaye mwalimu amekusanya daftari lake na hajalirudisha. Miaka kumi na minane ilipita hivyo.

Binti alikua, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu, akapata mchumba. Kamati ya harusi ikaongozwa na shangazi, wifi yake Mama Nega, mwanamke hodari aliyejua kupanga watu kama anavyopanga vyombo kabatini. Mpiga picha alishatafutwa, gari lilishatafutwa, keki ilishaagizwa. Mama Nega alipouliza yeye afanye nini, wifi alimwambia kwa nia njema kabisa kwamba apumzike, safari hii aje harusini kama mgeni. Aliitikia, lakini neno mgeni alirudi nalo nyumbani.

Wakati huo simu za watu zilikuwa bado hazipigi picha. Bosi wake, mwenye duka, alikuwa amejiingiza kuagiza katoni ya kamera za kutumia mara moja, zile za boksi la karatasi, zenye mkanda ndani yake tayari. Ukimaliza picha unaipeleka kamera yote dukani, wanaivunja, wanatoa mkanda, mchezo umekwisha. Hazikununuliwa. Watu waliziangalia na kuuliza ni nani mwenye akili atanunua kamera ya kutupa. Zilikaa rafuni mpaka tarehe yake ikakaribia kuisha. Mama Nega alipomwambia bosi kwamba angependa kuweka moja katika kila meza ya harusi ili wageni wapige wenyewe watakacho, bosi alizishusha zote kumi na mbili, akazifuta vumbi kwa mkono wa shati, na kusema hiyo ndiyo zawadi yake kwa bi harusi, na usafishaji wa picha pia aufanye bure, saa za kazi.

Bi harusi alifurahi kupita kiasi. Wifi alihofia kwamba wageni wataziiba, lakini naye akakubali.

Asubuhi ya harusi Mama Nega aliandika namba ya meza chini ya kila kamera kwa kalamu yenye wino mzito, kisha wageni walipokaa ukumbini akapita meza kwa meza akifundisha. Zungusha gurudumu hili kwa kidole gumba mpaka likwame. Bonyeza hapa, subiri kitaa chekundu kiwake, hapo flashi iko tayari. Usizibe kioo kwa kidole. Meza ya wafanyakazi wa idara ya maji walimsikiliza kwa makini, kama wanapokea pampu mpya. Meza ya watoto hawakusikiliza kabisa. Alipofika meza ya wazee, Bibi alikuwa tayari ameichukua kamera na kuishika kifuani.

"Cherehani ya miguu nimeiendesha miaka arobaini," alisema. "Kiboksi hiki ndicho kitanishinda?"

Mama Nega akamwacha. Alikuwa na mengine. Maana yule aliyeambiwa aje kama mgeni hakukalia kiti chake hata robo saa. Pindo la gauni la bi harusi lilikanyagwa, akapiga magoti kulibana kwa pini. Viti vya nyuma vilipungua, akaenda kuvibeba. Bi harusi alilia wakati wa hotuba ya baba yake, wanja ukamwagika, na aliyekuwa na leso ni yeye. Katikati ya hayo viatu vipya vilimuuma hadi akajificha nyuma ya pazia la jukwaa, akavivua, akanywa soda akiwa peku, akapata nafuu kidogo.

Kisha ukafika wakati wa picha za familia. Mpiga picha alipanga viti viwili mbele ya pazia jeupe na kuita wazazi wa bi harusi. Mumewe akaenda kukaa. Mama Nega akapiga hatua mbili kuelekea kiti cha pili, halafu akasimama. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama, wakiwemo ndugu wa marehemu waliotoka mbali, na ghafla alihisi kwamba kiti kile kina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Akageuka, akamshika Bibi kiwiko, akamwongoza hadi kwenye kiti kile, akamkalisha. Yeye akaenda kusimama ukutani, ameshika shada la maua la bi harusi ili lisikunjike. Bi harusi alimtafuta kwa macho, lakini mpiga picha alishaanza kuhesabu. Moja, mbili, na kabla ya tatu Bibi akainua kamera yake ya boksi usoni, akaielekeza pembeni, akabofya. Watu walicheka. Mpiga picha alimwomba aishushe. Akaishusha, mpiga picha akahesabu tena, naye akaiinua tena. Picha ile imo kwenye albamu rasmi mpaka leo, baba mtu amekaa kama askari, na pembeni yake mwanamke mzee ameficha uso nyuma ya kiboksi cha karatasi.

Jumatatu Mama Nega alizipanga kamera kumi na mbili mezani na kuanza kuzifungua. Ni kazi ya kutaka utulivu. Mkanda wa kamera hizi hujirudisha ndani ya kopo lake kadiri unavyopiga, kwa hiyo hakuna haja ya giza kuufungua, lakini flashi hubaki na umeme tumboni mwake, na ukigusa pabaya kwa bisibisi unarushwa. Alirushwa mara moja, akaapa kwamba hatarushwa tena, akarushwa mara ya pili. Kufikia mchana mikanda yote ilikuwa imesafishwa, imening'inia kukauka.

Alicheka peke yake nyuma ya pazia. Meza ya watoto walipiga picha za viatu, chupa za soda, na tumbo la mtu ambaye hakutambulika. Marafiki wa bwana harusi walimpiga picha msindikizaji mmoja wa bi harusi, yule yule, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Wafanyakazi wa idara ya maji waliwapiga picha maharusi mara tatu, na baada ya hapo waligundua kwamba nyaya za dari la ukumbi zimefungwa vibaya, wakazipiga hizo.

Halafu akaweka mkanda wa meza ya wazee.

Picha ya kwanza ilikuwa jicho. Mtu aliigeuza kamera kinyume na kujipiga usoni, na ingawa yote ilikuwa ukungu, uzi mweupe kwenye mkono wa miwani ulionekana wazi. Bibi. Kisha zikaja picha sita za giza tupu, flashi haikuwashwa. Kisha sakafu, mara nne. Picha tano za maharusi, mbili kati yao nzuri kweli. Zilizobaki zilikuwa kumi na moja, na zote kumi na moja zilikuwa za mtu mmoja.

Mama Nega alijiona amepiga magoti, pini mdomoni. Alijiona amebeba viti viwili kila mkono, jasho linamtoka. Alijiona nyuma ya pazia, peku, chupa ya soda juu, kiatu mkononi, anacheka peke yake. Alijiona akimpangusa bi harusi pua. Alijiona ukutani na maua. Kwanza aliona haya. Kisha ikaja hasira, na yeye hakuwa mtu wa hasira. Aliwaza kwamba miaka kumi na minane ya kukaguliwa haikutosha, hata siku ya harusi mwanamke huyu amekaa kumwinda na kamera, tena kamera aliyompa yeye mwenyewe. Alizichapa kwa sababu hakuwahi kuacha mkanda wa mtu bila kuchapwa. Kisha akazitia kwenye bahasha na kuisukuma chini kabisa ya droo, chini ya karatasi.

Siku kumi baadaye bi harusi alirudi safarini na kuja dukani. Alizipitia picha za meza zote, akacheka hadi akakaa chini. Halafu akauliza za meza ya wazee ziko wapi. Mama Nega alijibu kwamba hazikutoka vizuri, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kikazi.

"Bibi amenipigia mara tatu kwa simu ya jirani," binti alisema. "Anasema hata zikiwa hazikutoka anazitaka. Na anataka uzipeleke wewe, mama mdogo. Alisema asije mtu mwingine."

Akaenda Jumamosi, bahasha kwenye mkoba, maneno ya kujitetea yamepangwa kichwani tangu kituoni. Angesema viatu vilikuwa vinabana. Angesema hakuna aliyekuwepo wa kubeba viti.

Bibi aliishi katika chumba kimoja na sebule, na sebule yote ilikuwa ya kazi: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia nguo, vipande vya vitambaa ndani ya ndoo, futi ya fundi shingoni mwake. Aliitikia shikamoo, akasukuma nguo pembeni, akazipanga picha mezani moja moja kama mtu anayepanga vipande vya gauni kabla ya kuunga. Zile za giza alizitenga bila kusikitika. Zile kumi na moja alizitazama kwa muda mrefu, miwani imeshuka puani.

"Zimetoka," alisema.

Mama Nega akaanza kueleza habari ya viatu. Bibi akamwinulia mkono.

"Hizi nilimpigia binti yangu. Nilijua siku ile hatakuwepo, nikasema angalau nimwonyeshe aliyemlelea mwanawe anafanana vipi akiwa kazini."

Mama Nega alikuja amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Bibi alimweleza mengine yote huku akiendelea kuzinyoosha picha kwa kiganja. Marehemu alipozidiwa alimwomba mama yake amchukue mtoto. Yeye alikataa. Wakati ule alikuwa amefiwa na mume, anashona mchana na usiku, na aliona mtoto atakua chini ya meza ya cherehani akila uzi. Alimwambia mkwewe aoe, atafute mtu mwema. Mkwe akaoa. Tangu siku hiyo, kila likizo, alipanda gari kuja kuangalia kama alikosea.

"Ulikuwa unaniona nakukagua," alisema. "Nilikuwa najikagua mimi. Na kila nilipokuja nikakuta mtoto yuko sawa, nilirudi nimefarijika, nikaona haya kukwambia. Haya ikazoeleka. Mwaka ukapita, miwili, nikawa sijui hata nianzie wapi. Lile pindo nililolifumua halikuwa na kasoro. Nilitaka tu mkono wangu uwe kwenye nguo yake. Nisamehe, mwanangu. Na asante. Ilitakiwa nikwambie zamani."

Mama Nega akalia, si sana. Bibi alimkatia kipande cha kitambaa kutoka kwenye ndoo, akampa ajifute, na wote wawili wakacheka kwa sababu kilikuwa kitambaa kigumu cha pazia na kilimkwaruza.

Baada ya chai Bibi aliinua picha moja na kuomba ikuzwe. Hakuchagua ile ya kucheka na kiatu mkononi, ambayo baadaye mumewe Mama Nega aliichukua na kuiweka kwenye sanduku lake la vifaa, akisema hakujua kama mkewe hucheka namna ile. Bibi alichagua ile ya ukutani.

"Ulinikalisha kwenye kiti chako," alisema.

"Kile kilikuwa kiti cha marehemu, Bibi."

"Marehemu hahitaji kiti. Aliyesimama siku nzima ndiye anahitaji."

Na hakuishia kwenye maneno. Miezi mitatu baadaye, Jumapili, wote walikutana dukani, ambako bosi alikuwa na chumba kidogo cha kupigia picha chenye taa mbili na pazia lililochorwa maua. Bi harusi alivaa gauni lake tena, likabanwa pini mgongoni kwa sababu zipu ilishaanza kukataa, na mwenye macho akajua kwamba kuna habari njema inakuja. Bibi aliongoza kila kitu. Alimwambia bosi ashushe taa, alimwambia mkwewe afungue macho, akamshika Mama Nega kiwiko na kumkalisha kwenye kiti cha pili, yeye akasimama nyuma yake na kumwekea mikono mabegani. Picha ilibidi ipigwe mara nne, maana baba mtu alifumba macho kwenye zote tatu za mwanzo. Mama Nega aliichapa mwenyewe, na alipofika kwenye uso wake kwenye kile kioo kidogo alikaa akibonyeza vitufe vya rangi kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama anavyofanya kwa mteja mgeni anayemheshimu.

Miaka imepita. Mashine za mikanda ziliondolewa dukani zikauzwa kama chuma chakavu, na kazi ya Mama Nega sasa ni picha za vitambulisho, ambazo zinatoka papo hapo na hazina nega. Bibi alipozeeka hata kanyagio la cherehani likamshinda, mabishano ya atakaa wapi hayakuwepo. Yeye mwenyewe alisema anakwenda kwa mwanawe, na kila mtu alijua anamsema nani. Yuko nyumbani kwa Mama Nega mpaka leo, chumba cha mbele kinachopata jua la asubuhi, na kitukuu wake wa kwanza humsomea habari za magazeti kwa sauti.

Siku moja wifi, shangazi mtu, alimwuliza Mama Nega kama hana kinyongo kwa miaka yote ile ya ukimya. Walikuwa jikoni wanakausha vyombo.

"Mimi huwa nashukuru," alisema. "Wengine mlinisalimia, wifi yangu, mkanipenda, mkaenda zenu. Yule mama alinitazama. Miaka kumi na minane kulikuwa na mtu anayetazama kila ninachofanya kwa yule mtoto. Si wengi wanaopata hilo."

Wifi akakausha sahani nyingine, kisha akasema kwamba laiti na yeye angemwona amesimama siku ile ya harusi, angempa kiti kingine asiumie miguu. Mama Nega akamwambia asijali, viatu vile alishavigawa zamani. Kutoka chumba cha mbele Bibi aliita kuuliza kama chai imeiva, na wote wawili wakaitikia kwa pamoja.